Saa ya kutoka juu: namna ya kufunga moduli ya GPS ku ordinatere



Kazi za informatiki siku hizi zinatolewa kwa faili, na kila faili inabeba saa yake. Mwalimu akisema mwisho ni saa kumi kamili, anayehukumu si saa ya mkono wa mwanafunzi, ni saa ya ordinatere. Lakini ordinatere mbili za meza moja hazikubaliane. Ndani ya kila moja kuko kijiwe cha kwatsi kinachotetemeka, na mashini inahesabu mitetemo yake. Kijiwe kikikosa sehemu 20 tu mu milioni, ni karibu segonde 1,7 kwa siku. Miezi 3 ikipita, ni zaidi ya dakika 2 na nusu. Hapo mtu anaweza kupata sifuri juu ya dakika ambazo hakuzichelewa.

Wenye intaneti kila siku hawana shida hiyo. Ordinatere zao zinauliza saa kwa njia ya NTP, ambayo David Mills wa Marekani aliiandikia kanuni mu mwaka 1985. Sisi ambao intaneti inakuja na kwenda, tutafute ordinatere moja ya kugawia zingine saa, na yenyewe ipate saa kutoka satelite.

Wengi wanafikiri GPS ni mashini ya kuonyesha njia. Kumbe ni saa kwanza, na njia inatoka ndani ya saa. Satelite zake zinazunguka ku urefu wa kilometre karibu 20.200, kila moja na saa za atomu ndani yake. Mawimbi ya radio yanakwenda metre 300 mu sehemu moja ya milioni ya segonde. Basi anayekosea saa kidogo vile anakosea mahali metre 300. Ndiyo sababu mashini ya kupokea inataka satelite 4: tatu hazitoshi, juu iko inatafuta vitu vine, yaani vipimo vitatu vya mahali na saa yenyewe.

Vyombo si vingi: ordinatere ndogo ya Raspberry Pi na moduli ya GPS, kwa mfano NEO-6M ya u-blox. Mbele ya kununua, hesabu miguu ya moduli. Zile za bei ya chini ziko mara nyingi na miguu 4: umeme, ardhi, kutuma, kupokea. Sisi tunataka wa tano, ulioandikwa PPS. Anayekuuzia ile ya miguu 4 hakudanganyi. Itaonyesha njia vizuri, lakini kwa kazi ya saa ni nusu ya dawa.

Sababu ni hii. Moduli inatuma vitu viwili. Kimoja ni maneno: mistari ya maandiko iitwayo NMEA, inayotaja tarehe, saa na mahali. Kingine ni kipigo: mguu wa PPS unapandisha volti mara moja kila segonde, pale pale segonde inapoanza. Maneno yanajua jina la segonde lakini yanachelewa. Kipigo kinafika saa yake lakini hakina jina. Angalieni kengele yetu: tukiipiga, masomo mzima inasikia mara moja, lakini aliyekuwa usingizini hajui kama ni saa kumi na mbili ao saa moja. Na mtoto anayetumwa kuzunguka vyumba akisema « ni saa moja » anasema kweli, ila chumba cha mwisho anakifikia nyuma.

Maneno yanachelewa kiasi gani? Tufanye hesabu. NEO-6M inaanza na mwendo wa bodi 9600. Kila herufi inakula biti 10, basi ni herufi 960 kwa segonde. Mstari wa NMEA unaweza kufika herufi 82. Mistari 6 iliyojaa ni herufi 492: zaidi ya nusu segonde! Hapo ndipo hatari iko. Programu inakipa kipigo jina la segonde iliyo karibu zaidi. Maneno yakikosa zaidi ya nusu segonde, kipigo kinapewa jina la jirani, na ordinatere inakosa segonde nzima bila haya yoyote.

Mbaya zaidi ni mistari ya GSV, ile ya kuorodhesha satelite zinazoonekana. Satelite zikiwa nyingi mistari inaongezeka, zikipungua inapungua, na kuchelewa hakukai mahali pamoja. Kwa hiyo tunazima GSV kwa programu ya u-center, tunaacha RMC, iliyo na tarehe na saa, na GGA, inayosema kama satelite zimepatikana. Ni herufi 164 kwa mengi, chini ya sehemu 2 mu 10 za segonde. Hiyo inavumilika.

Kufunga nyuzi: mguu wa kutuma wa moduli unaingia ku GPIO 15 ya Raspberry, PPS ku GPIO 18. Angalia volti: miguu ya Raspberry inakubali 3,3 tu, ukiipa 5 unaweza kuiua. Mu faili config.txt andika:

enable_uart=1
dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Tena zima konsole ya siri inayotumia njia ile ile ya maandiko, kama sivyo wawili watasema kwa kinywa kimoja. Programu gpsd inasoma maneno (iwashe na -n, isingoje kuulizwa), na chrony inashika saa:

refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.2 noselect
refclock PPS /dev/pps0 refid PPS lock NMEA
allow 192.168.1.0/24

Neno noselect linakataza maneno kutawala peke yao; lock inasema kipigo kichukue jina kwao. Ile 0.2 ni ya kuanzia tu, kila mtu apime yake. Mstari wa mwisho unafungulia ordinatere zingine za chumba; badilisha namba kama mtandao wako uko na zingine. Ukiandika chronyc sources na kuona #* mbele ya PPS, kazi imeshika.

Antena usiiweke chini ya manjanja, haitasikia kitu, iangalie mbingu. Moduli mpya ao iliyolala siku nyingi iachiwe robo saa mbele ya kuiamini. Saa ya GPS, tangu tarehe 1 Januari 2017, iko mbele ya saa ya dunia UTC kwa segonde 18, na habari ya tofauti hiyo inapita mara moja tu kila dakika 12 na nusu. Tena jihadharini na moduli za zamani: GPS inahesabu juma 1024, kisha inarudi ku sifuri, kama mu Agosti 1999 na Aprili 2019. Moduli isiyojua inarudisha tarehe nyuma miaka zaidi ya 19.

Saa inayotoka ni UTC. Kinshasa inaongeza saa 1, Bukavu na Lubumbashi saa 2. Hiyo inawekwa ku kila ordinatere, hapana ku moduli. Wanaotaka kuona kipigo kwa macho waje chumba cha ordinatere siku ya tatu nyuma ya masomo: taa ndogo ya moduli inawaka na kuzimika kila segonde, ikisha kupata satelite zake.