Kikundi cha Simu Nacho Ni Darasa: Somo kwa Wazazi, Walimu na Watunza Maktaba

Leo tunataka kuongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunatembea nacho mfukoni, lakini hatujawahi kukaa chini tukakisoma. Ni ile mitandao ya simu na kompyuta ambayo watu huandikiana, hutumiana picha, na kutengeneza kazi moja wakiwa mahali mbalimbali. Tunajiuliza: inaweza kusaidia namna gani maktaba ndogo kama yetu na watoto wanaosomea humo? Na ikitumiwa ovyo, nani anaumia?

Tuanze na habari iliyotupata sisi wenyewe.

Maktaba yetu ni chumba kimoja kando ya ukumbi. Kuna makabati manne ya vitabu, meza ndefu mbili na taa nzuri. Taa hiyo ndiyo huwaleta watoto wengi jioni, tusidanganyane. Mwaka 2022 kulikuwa na msichana wa kidato cha pili ambaye hakukosa kuja hata siku moja. Halafu akapotea. Siku ya kwanza tukasema labda ana homa. Baada ya wiki moja hivi tukaenda nyumbani kwao.

Mama yake alitukaribisha, akaweka chai, kisha akatuambia, "Madam, huyu mtoto hataki kwenda shule, na maktaba ndiyo hataki hata kuisikia." Akatoa simu akatuonyesha. Katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa darasa, mtu wa ofisi ya shule alikuwa ametuma orodha ya wanafunzi wote wenye deni la karo, majina kamili na pesa kando yake. Jina la binti yake lilikuwa la tatu, shilingi 11,400. Mzazi mmoja akaifowadi kwingine. Kufikia usiku watoto wenyewe walikuwa nayo.

Tukamwuliza msichana, "Lakini sisi tumekukosea nini?" Akajibu akiangalia chini, "Hata kwa kikundi cha maktaba waliiweka."

Ilikuwa kweli. Mtu aliituma saa tatu usiku katika kikundi chetu, na sisi wenye kukisimamia tulikuwa tumelala. Tuliifuta asubuhi na mapema, tukadhani mambo yamekwisha. Hatukuuliza ni nani wamekwisha kuiona, wala hatukusema neno lolote kwa wale waliotajwa. Msichana alirudi shuleni baada ya siku tisa. Kwetu alirudi baada ya mwezi mzima, akakaa meza ya nyuma.

Tunaanza na habari hii kwa sababu watu wengi wakifundisha juu ya mitandao huanza na uzuri wake, na ubaya wanautaja mwishoni kama mtu anayekumbuka kuaga mlangoni. Sisi tulijifunza kinyume. Kikundi cha simu ni chumba. Kina mlango, kina watu ndani, na lazima awepo mwenye kukiangalia.

Basi, tuangalie vyombo vyenyewe. Kwa kazi ya maktaba tunaweza kuvigawa mara mbili. Kuna vyombo vya kuongea, kama WhatsApp na Facebook, ambapo neno linasemwa na kesho limefunikwa na maneno mengine. Na kuna vyombo vya kujenga, ambapo watu wengi wanaandika ukurasa mmoja, wanausahihisha, na ukurasa unabaki. Watu wengi hapa kwetu wanajua vile vya kwanza tu.

Vya kuongea tunavitumia hivi. Kitabu kipya kikifika tunapiga picha ya jalada na kuituma. Mtoto akitaka kitabu kilichoazimwa anaandika, naye aliye nacho anajibu atakirudisha lini. Hii peke yake imetupunguzia vitabu kupotea, kwa sababu mtu akijua mwenzake anangoja, anaona haya kukikalia. Jioni kuanzia saa mbili hadi saa tatu ni wakati wa maswali ya masomo. Mwanafunzi anapiga picha ya hesabu iliyomshinda, na mwalimu mmoja anayejitolea hampi jibu, anampa hatua ya kwanza tu. Wengine wanaendelea kutoka hapo. Mara nyingine jibu linatoka kwa mtoto ambaye darasani hanyanyui mkono kamwe.

Lakini si kila nyumba ina simu ya tachi. Hili tuliliona wazi shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021. Wenye simu na bando walipata masomo kidogo. Wengine walichunga ng'ombe, na wengine tuliwapoteza kabisa. Kwa hiyo tuna sheria moja: jambo lolote muhimu likitumwa kwenye kikundi, linaandikwa pia kwa karatasi na kubandikwa ukutani, na wazazi wenye mulika mwizi wanatumiwa ujumbe mfupi wa kawaida. Ni kazi mara tatu, ndiyo. Lakini maktaba ikianza kuwahudumia wenye bando tu, afadhali turudi kwa wale ngamia wa Garissa waliobeba maboksi ya vitabu, maana ngamia hakuuliza mtu kama ana data.

Sasa twende kwa vyombo vya kujenga, na hapa tutakaa kidogo.

Mwaka 1995 Mmarekani mmoja, Ward Cunningham, alitengeneza tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuibadilisha palepale. Akaiita wiki, neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Kutokana na wazo hilo, mwaka 2001 ikazaliwa Wikipedia, ensaiklopidia inayoandikwa na watu wa kujitolea. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 70,000. Hakuna anayelipwa kuziandika. Ni harambee, ila badala ya matofali watu wanachanga maneno.

Walimu wengi huwakataza wanafunzi Wikipedia wakisema, "Mtu yeyote anaweza kuandika uongo." Ni kweli anaweza. Lakini kuna mambo mawili ambayo msomaji wa kawaida hafungui. Kila ukurasa una historia yake, inayoonyesha kila badiliko na siku lilipofanywa. Na una ukurasa wa majadiliano, ambapo waandishi wanabishana. Mtoto anayejua kufungua sehemu hizo mbili amejifunza jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havikutufundisha sisi: kwamba habari ina mtu aliyeiandika, na mtu huyo anaweza kuulizwa, "Umetoa wapi?"

Likizo ya Agosti 2023 vijana wetu saba walitafuta makala ya Kiswahili juu ya mji wetu. Waliipata, mistari minne tu, na bado ilisema mji uko katika mkoa fulani. Nafasi ya mikoa ilichukuliwa na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, na watoto hawa hawajui mkoa ni nini. Wakabadilisha, wakaongeza na idadi ya watu waliyoisikia kwa mzee mmoja. Kesho yake wakakuta ile idadi imeondolewa. Mhariri mmoja wasiyemjua alikuwa ameandika kwamba haina chanzo.

Walikasirika kweli! Mmoja alisema, "Sasa huyo anajua mji wetu kuliko sisi?" Tuliwaacha wapoe. Kisha mtunza maktaba akawauliza yule mzee alihesabu watu lini. Wakacheka. Siku ile wakaanza kutafuta matokeo ya sensa ya 2019 yaliyotolewa na Shirika la Taifa la Takwimu, wakayapata, wakaona idadi ya mzee imezidi ya sensa kwa maelfu. Wakaandika ile ya sensa na kutaja chanzo. Haikuondolewa. Baadaye walirudi kwenye kabati la vitabu vya historia, lile ambalo lilikuwa limejaa vumbi, kutafuta reli ilifika lini. Yaani mtandao ndio uliowarudisha kwenye kitabu. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa siku nzuri zaidi ya mwaka ule katika chumba chetu.

Huenda unasema, ndugu msomaji, "Kwetu hakuna intaneti ya kutosha." Kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Inahifadhi Wikipedia yote ndani ya simu au kompyuta, na inasomeka bila mtandao wowote. Ile ya Kiswahili inaingia kwenye memori kadi ya kawaida. Unaipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha unaibeba. Kuna hata kompyuta ndogo, ya kutosha kiganjani, inayoweza kurusha Wi-Fi chumbani ili simu kadhaa zisome kwa wakati mmoja bila kutumia bando. Kumbuka tu kwamba nakala hiyo ni ya siku ulipoipakua. Usipoipakua upya, inazeeka kama gazeti.

Kwa watoto wadogo tunapenda African Storybook, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi zake zimo katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zina leseni huria. Maana yake unaruhusiwa kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuandika yako uiweke hapo wengine waisome. Akina mama wa chama chetu walitafsiri hadithi moja kwa lugha ya nyumbani wakibishana saa nzima juu ya neno la fisi. Mtoto wa darasa la kwanza hakujali mabishano hayo, alifurahi tu kuona maneno ya nyanya yake yameandikwa.

Na wenye vijana wasiopenda kuandika wajue kuna ramani pia. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka mtaa wao na vipima-mahali, wakachora njia, vyoo, zahanati na shule katika OpenStreetMap, ramani ya wazi inayotengenezwa na umma. Kabla ya hapo mtaa huo mkubwa ulionekana mtupu katika ramani za mtandaoni, kana kwamba hakuna mtu anayeishi.

Turudi kwa hatari, kwa sababu haziishi kwa hadithi ya karo.

Kila mwaka ukikaribia mtihani wa KCSE, matapeli hufungua vikundi vya Telegram na WhatsApp wakiuza karatasi za mtihani. Mwaka jana wa kidato cha nne cha jirani zetu, kijana mmoja alitumia pesa za mama yake za mbolea. Karatasi aliyopata ilikuwa ya miaka ya nyuma, imebadilishwa tarehe. Tena hata ingekuwa ya kweli, kuwa nayo ni kosa la jinai na matokeo yangefutwa. Mwambie mtoto mapema, na umwambie bila kumfokea, ili akitumiwa aje akuonyeshe.

Kisha kuna picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha ni habari. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila kibali cha wazazi. Sisi tulikuwa na picha nyingi za watoto wakisoma, tumezituma Facebook kuwafurahisha wafadhili. Tulizitoa zote. Sasa tunapiga picha za mikono, vitabu na migongo, na kibali cha mzazi kinawekwa kwenye faili kwa karatasi yenye sahihi.

Baada ya ile habari ya karo tulikaa na wazazi Jumapili mbili, tukapanga upya kikundi chetu. Wasimamizi ni watatu, na mmoja lazima awe zamu kila usiku. Baada ya saa tatu tunafunga, wasimamizi peke yao ndio wanaoweza kutuma hadi asubuhi. Jambo la deni, ugonjwa au adhabu ya mtoto halitajwi humo kabisa, linasemwa na mzazi uso kwa uso. Watoto chini ya miaka 13 hawaingii, kama kampuni yenyewe inavyotaka, wanatumia simu ya mzazi. Na kwa kuwa kila aliye kikundini anaona namba za wengine wote, matangazo ya kawaida tumeyahamishia kwenye orodha ya matangazo, ambapo kila mtu anapokea peke yake. Hapo ni lazima mpokeaji awe ameihifadhi namba ya maktaba, la sivyo ujumbe haumfikii. Tulichukua wiki mbili kuelewa kwa nini nusu ya wazazi wako kimya!

Yule msichana, ambaye sasa amemaliza shule, ndiye aliyependekeza sheria ya kufunga usiku. Alisema mbaya zaidi haikuwa ile orodha. Mbaya zaidi ilikuwa kuamka asubuhi na kukuta imefutwa na hakuna mtu mzima aliyesema kitu. Kwa hiyo tuliongeza moja: kitu kibaya kikifutwa, msimamizi anampigia simu aliyeumizwa siku hiyohiyo.

Kwa mazungumzo katika kikundi chenu:

Fungueni kikundi kimoja cha shule au maktaba mlicho nacho. Ni nani msimamizi, na saa nne usiku huwa wapi? Ni wazazi gani wa watoto wenu hawamo ndani, na habari huwafikiaje? Kisha tafuteni makala ya Kiswahili juu ya kijiji au mji wenu. Ikiwa ipo, someni historia yake na majadiliano yake. Ikiwa haipo, andikeni majina ya wazee watatu na vitabu viwili mtakavyoanzia, mje navyo mkutano ujao.