Kreatinini ya paka imeshuka: je, figo zimepona?

SWALI: Daktari, paka wangu jike ana miaka 13. Mwaka jana aligundulika na ugonjwa sugu wa figo, kreatinini ikiwa 215. Juzi alipopimwa tena ilikuwa 168. Nimefurahi, ila amekonda hadi uti wa mgongo unaonekana, ingawa anakula sana. Je, amepona? Nimrudishie chakula chake cha zamani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Umefanya vyema kumpima tena, lakini chakula usikibadilishe bado. Huko kukonda kunanitia wasiwasi kuliko namba inavyonifariji.

Kreatinini hutoka kwenye misuli, na figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Basi hushuka figo zikichuja vizuri zaidi, na hushuka pia misuli ikipungua. Kama mwaka jana paka wako alipimwa akiwa amepungukiwa maji mwilini, huenda sasa ana nafuu ya kweli. Hata hivyo, sehemu ya figo iliyokwisha kufa haioti tena, na paka aliyeishiwa misuli anaweza kuwa na kreatinini ya kupendeza huku figo zikizidi kudhoofika.

Muulize daktari wako kuhusu kipimo kiitwacho SDMA, ambacho hakiyumbishwi na misuli. Kwa wastani hupanda figo zikiwa zimepoteza asilimia 40 hivi ya uwezo wake. Kreatinini mara nyingi hungoja hadi asilimia 75. Kwa mwongozo wa IRIS, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama, kreatinini ya maikromoli 140 hadi 250 kwa lita ni hatua ya pili kati ya nne. Kwa hiyo 215 na 168 zote ziko hatua moja. Lakini SDMA ikibaki juu ya 25, paka hutibiwa kama wa hatua ya tatu.

Lipo jambo jingine. Paka mzee anayekula sana na bado anakonda lazima apimwe homoni ya tezi ya shingo, yaani T4. Tezi hiyo ikizidisha kazi, huyeyusha misuli na kuongeza damu inayopita kwenye figo. Yote mawili huishusha kreatinini na kuuficha ugonjwa.

Mpelekee daktari mkojo pia. Figo nzima huukoleza. Kwa paka, kipimo cha ukolezi wa mkojo kikiwa chini ya 1.035 ilhali mwili umekauka, ni dalili kwamba figo zinashindwa kazi hiyo. Uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo ukizidi 0.4, au shinikizo la damu likifika 160, kuna matibabu yake. Fosfori na potasiamu zipimwe pamoja. Urea peke yake isikutishe, kwani mlo wa nyama nyingi huweza kuipandisha.

Mpime uzito kila wiki, uandike, na maji safi yasikosekane. Akigoma kula siku nzima, au akianza ghafla kugonga vitu kama asiyeona, mpeleke siku hiyo hiyo. Usimpe kamwe panado, humuua paka.

Majibu haya yakikamilika, kaeni na daktari myasome kwa pamoja, uzito wake ukiwa mbele yenu. Hapo ndipo muamue kuhusu chakula.