Tezi, Omo na Ngama: Kubuni Upya Chombo cha Anasa kwa Ajili ya Ziwa Naivasha

Utangulizi

Wenye meli za anasa zipitazo mitoni wamegundua kwamba abiria wao hawaridhiki tena na kitanda laini na chakula kizuri. Msafiri aliyefika Misri anataka chombo chenyewe kimwambie kwamba yuko Misri. Ndiyo sababu katika Mto Nile baadhi ya wafanyabiashara wameirudia dahabia, chombo cha matanga kilichowachukua matajiri wa karne ya 19 kabla ya meli za moshi kukisukuma pembeni. Jina la chombo hicho lina asili moja na neno letu dhahabu.

Mito ya Kenya haina kina cha kubeba meli kama hizo. Malewa, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Naivasha, hautoshi hata kwa mashua kubwa. Hata hivyo, mada hii inatuhusu kwa njia ya ziwa lenyewe, ambalo kila siku huwabeba watalii wanaokwenda kutazama viboko na furukombe. Makala haya yanauliza: ikiwa chombo cha anasa kitabuniwa upya kwa ajili ya Naivasha, ni kitu gani kitakachokifanya kiakisi mazingira na utamaduni wa mahali hapo? Swali hili si la wahandisi peke yao. Linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili.

Chombo kama matini

Katika madarasa ya fasihi tumezoea kuichunguza kazi kwa vipengele vya fani na maudhui, na tumefundishwa kwamba fani isiyobeba maudhui ni pambo tupu. Chombo cha majini nacho chaweza kusomwa hivyo. Umbo lake, mali yake ghafi na nakshi zake ni fani. Maarifa ya watu waliokiunda, mahusiano yao na maji, na majina waliyovipa viungo vyake ni maudhui.

Mabaharia wetu wametuachia methali isemayo: hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni ya nyuma. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ambamo maji machafu hukusanyika na kutekwa. Methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu asili yake, lakini pia yatupa mbinu ya uhakiki. Mgeni hupokewa na omo lililochongwa vizuri. Mhakiki naye hana budi kushuka ngamani.

Funzo la mtepe

Tuanze na pwani, kwa kuwa ndiko kwenye mapokeo marefu zaidi ya uundaji wa vyombo. Mtepe wa visiwa vya Lamu uliundwa bila msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa ukili. Omo lake lilichongwa mfano wa kichwa na shingo ya ngamia, na mapokeo ya pwani yanasema kwamba hiyo ilikuwa heshima kwa ngamia wa Mtume.

Mtu wa leo akiutazama mtepe, huenda akavutiwa kwanza na hicho kichwa cha ngamia. Lakini ushonaji ndio uliokiwezesha chombo kulegea kidogo kilipogusa mchanga au mwamba, badala ya kuvunjika. Mnazi ulitoa kamba, na fundi alijua bahari yake ingemtendea vipi. Mazingira yalikuwa ndani ya mshono, na nakshi ilikuja juu ya msingi huo.

Funzo la FlipFlopi

Mfano wa pili ni wa karne hii. Mwezi wa Septemba 2018, jahazi liitwalo FlipFlopi lilishushwa majini kisiwani Lamu. Liliundwa na mafundi walioongozwa na Ali Skanda, kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na ubavu wake ukapambwa kwa malapa yapatayo 30,000 yaliyookotwa. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi, na mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Viktoria.

FlipFlopi si chombo cha anasa, lakini ndicho kielelezo chetu bora cha kubuni upya. Mali ghafi ilibadilika kabisa, ilhali maarifa yalibaki. Mkuku na mataruma yalifinyangwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, kisha mafundi wakayachonga kwa mikono kama walivyozoea kuchonga mbao. Tatizo la mazingira, yaani taka za ufukweni, liligeuzwa kuwa mwili wa chombo. Linganisha na jahazi la kawaida ambalo hugeuzwa mkahawa kwa kuwekewa meza, mito na taa. Mgeni hufurahi, lakini jahazi hilo limeacha kuwa chombo cha kazi na limekuwa mandhari ya chakula cha jioni.

Naivasha na swali la wenyeji

Je, tulichukue jahazi la Lamu tulipeleke Naivasha? La hasha. Hapo ndipo wabunifu wengi hukosea, kwa kudhani kwamba utamaduni wa pwani ndio utamaduni wa maji yote ya Kenya. Ziwa hili liko mita zaidi ya 1,880 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Longonot. Majina yote mawili yana asili ya Kimaasai. Naivasha latokana na Nai'posha, maji yanayochafuka, na Longonot latokana na Oloonong'ot, mlima wenye migongo mingi. Kwa Wamaasai, ziwa lilikuwa kwanza mahali pa kunywesha mifugo. Uvuvi wa kibiashara ulianza mwaka 1959, na wavuvi wametoka katika jamii mbalimbali. Hata kamba wa maji matamu, mwenye asili ya Marekani, aliingizwa ziwani mwaka 1970.

Anasa nayo iliwahi kutua hapa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950, ndege za majini zilizotoka Uingereza zilishuka juu ya ziwa hili na kuwateremsha abiria wenye uwezo. Ziwa lilikuwa kituo tu. Hakuna chochote katika vyombo hivyo kilichotoka kwake.

Kwa hiyo, mbunifu wa leo ana maswali matatu ya kujibu.

Kwanza, chombo kinalijua ziwa? Naivasha haina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupenya chini kwa chini, na kina chake hubadilika mno: mwaka 2009 lilipungua vibaya, na mwaka 2020 likafurika hadi kwenye makazi ya watu. Chombo kinachofaa ni kile chenye kina kifupi, chenye mtambo usio na kelele za kuwasumbua viboko na ndege, na gati linalopanda na kushuka pamoja na maji. Zaidi ya yote, maji machafu ya ngamani yasimwagwe humo, kwa sababu hakuna mto wa kuyachukua.

Pili, mikono ya nani imekiunda? Ikiwa wavuvi na waendesha mashua wa Kamere na Karagita wataitwa chombo kikiwa tayari, ili wavae sare na kupunga mikono, basi utamaduni wao umegeuzwa pambo. Waitwe mapema, waseme upepo wa alasiri huvuma kutoka wapi na mafunjo yanayoelea hukwama wapi.

Tatu, chombo kinasema lugha gani? Hapa ndipo zamu yetu. Kuandika neno moja la makaribisho mlangoni hakutoshi. Viungo vya chombo viitwe kwa majina yake: sitaha, usukani, shetri, ngama. Majina ya mahali yaandikwe na kuelezwa kama wasemaji wa Kimaasai wanavyoyatamka.

Hitimisho

Tumeona kwamba chombo huakisi mahali pake kwa maarifa kinayoyahifadhi, kwa watu kinaowapa kazi ya akili, na kwa namna kinavyoyatunza maji yanayokibeba. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tusingoje kuitwa dakika ya mwisho ili kutafsiri orodha ya vyakula. Tukusanye sasa istilahi za wavuvi wa maziwa yetu ya bara, kwani kamusi zetu zimejaa maneno ya bahari na ni chache zinazomsikiliza mvuvi wa Naivasha. Atakapokuja mwekezaji na michoro yake, tuwe na kitu cha kuweka mezani.