Ada ya bima isubiri mavuno

Masika hubisha hodi Machi, mfuko wa mkulima wa Njoro, Kilimanjaro, ukiwa umeshakamuliwa. Januari imepita na sare za watoto, trekta inadai fedha ya kulima, mbegu na mbolea havikopeshwi. Hapo ndipo wakala wa bima ya mvua hufika na fomu zake. Mkulima akikataa, husemwa kwamba haoni faida ya bima, eti apewe elimu. Elimu haimdhuru mtu, lakini nadhani tumekosea ugonjwa. Mkulima anajua vizuri ukame unavyomaliza shamba. Kinachomshinda ni kutoa fedha leo, wakati ambapo shilingi moja ina kazi tatu, ili alipwe baada ya miezi kadhaa, pengine asilipwe kabisa.

Ushahidi uko kwa jirani zetu. Watafiti Lorenzo Casaburi na Jack Willis waliwauzia bima wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Kati ya walioombwa kulipa ada mapema, walikubali 5 katika kila 100. Kati ya walioruhusiwa kukatwa ada hiyo kwenye malipo ya mavuno, walikubali 72. Kundi jingine lilipunguziwa bei kwa asilimia 30 lakini lilipe mapema. Waliojiunga walibaki wachache vilevile. Bima ilikuwa ileile, wakulima wa aina ileile. Anayesema tatizo ni ujinga, au hata umaskini peke yake, atueleze tofauti hiyo imetoka wapi.

Mtu atasema miwa ina mnunuzi mmoja, kiwanda, na hivyo ada hukatwa bila kukimbizana. Mahindi yetu huuzwa kwa mlanguzi yeyote aliyekuja na mizani. Ni kweli, na kwa mahindi peke yake sioni njia. Lakini familia nyingi za mteremkoni zina kahawa kihambani, shamba la nyumbani, na mahindi tambarare. Kahawa inayopitia chama cha ushirika, AMCOS, tayari hukatwa makato, na fedha yake huja baada ya masika kwisha. Ada ya bima ya mahindi ingeweza kusubiri hapo. Ukame ukiharibu vyote viwili, kampuni ikate ada yake kwenye fidia inayomlipa mkulima. Wenye kuuza kahawa nje ya chama watabaki nje. Mpango huu hauwafikii, na ni bora tukiri hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni la kipimo. Bima hizi nyingi hazikagui shamba. Hulipa kwa mvua iliyopimwa kituoni au kukadiriwa kwa setilaiti. Nchi tambarare pana inavumilia hilo. Kilimanjaro haivumilii: ukishuka kilomita chache kutoka ukanda wa migomba mvua hupungua sana, na kipimo kimoja kinaweza kusema imenyesha vizuri wakati mahindi yako yanakunja majani. Mkulima wa mpunga wa Lower Moshi ana shida nyingine tena, kwani maji yake ni ya mito ya Njoro na Rau. Bima ya mvua inayonyesha juu ya jaruba lake inapima kitu kisichomlisha. Yeye asinunue, adai bima inayopima mavuno ya eneo, ambapo mashamba ya sampuli huvunwa na kupimwa. Ni ghali kuiendesha, lakini inapima hasara yenyewe.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa chama kabla ya masika, muulizeni wakala kituo kiko wapi, ada inaweza kusubiri hadi lini, na hasa siku gani bima inaanza kuhesabu. Kama hesabu inaanza tarehe moja kwa wote, nawe ukapanda wiki tatu baadaye kwa kungoja udongo ulowe, huenda ukavu utakaokukuta mahindi yakitoa mbelewele usiwemo kwenye mkataba.