Joto la Kompyuta

Mvuvi wa Nungwi awashapo mashine ya boti hutazama kwanza kama yatoa maji. Yakikatika huizima upesi, maana mashine isiyopozwa huungua. Kompyuta nayo ina prosesa, ambayo umeme upitao ndani yake hugeuka joto, na feni huipoza kwa hewa. Prosesa ina kipimo chake, na programu huonyesha digrii. Nyingi zikikaribia digrii 100 za sentigredi hupunguza mwendo zenyewe. Joto likizidi, kompyuta hujizima, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Basi ikiwa nzito, tazama digrii kwanza. Zikiwa juu, mwambie mwalimu. Izimwe, waya uchomolewe, feni ishikwe isizunguke, vumbi lipanguswe kwa brashi laini kavu, na matundu yake yasizibwe.