NUSUKAPUTI YA MACHO WAZI

Likizo ya Agosti mdogo wangu alianguka kutoka mwembeni akavunjika mkono. Alipotolewa thieta alikuwa amekodoa macho, tena yanachezacheza kama ya mtu anayemfuata nzi, lakini ukimwita haitiki. Nyanya akapiga kamsa: "Mjukuu wangu amerogwa!" Nami, mtu mzima wa kidato cha tatu, nikaanza kulia.

Muuguzi akatukalisha akatueleza. Kumbe ni dawa ya usingizi iitwayo ketamini. Iliundwa Marekani mwaka wa 1962 na mwanakemia Calvin Stevens, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutiwa mshipani, na kabla ya dakika moja kwisha mgonjwa yuko mbali. Hasikii uchungu wala hakumbuki alivyonyooshwa mfupa, ingawa macho yako wazi. Baada ya dakika 10 au 20 huanza kurudi.

Nusukaputi nyingine nyingi hupunguza pumzi na kuteremsha presha. Ketamini kwa kawaida humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe, ndiyo maana hupendwa katika hospitali ndogo ambako stima hupotea ovyo. Kwetu hupotea hata katikati ya taarifa ya habari!

Lakini msidhani ati haina meno. Hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio, na hujaza mate kinywani. Ikidungwa haraka mno, au ikizidi kipimo, pumzi huweza kukatika, kwa hivyo lazima awepo aliyefunzwa kazi hiyo, na oksijeni iwe karibu. Wako wanaoitumia ili walewe tu. Hao huharibika kibofu hata wakakojoa damu. Wakati wa kuamka wengine huona mauzauza. Mdogo wangu alisema ukuta unataka kumla, kisha akatapika.

Kutapika huko ndiko kulikonitia baridi. Asubuhi ile tuliagizwa asile chochote. Alilia njaa, nikamwonea huruma, nikatoa andazi mfukoni. Mama aliniona akalinyakua. Sasa muuguzi anaeleza kwamba chakula kikipanda wakati mtu amelala huweza kuingia mapafuni na kumwua. Nilitazama viatu vyangu tu.

Mkono umepona, na yeye hujigamba kwa wenzake kuwa alipaa angani. Nyanya hajaambiwa habari ya andazi.