SOMO LA ROBO HII: KUSHUKA MLIMA SALAMA



Kwa kawaida ukurasa huu hufundisha habari za visima, vikundi vya kuweka na kukopa, au upandaji miti. Robo hii tumeona tuzungumzie barabara, kwa sababu hakuna mradi wetu hata mmoja usiopita barabarani. Saruji, mbegu, wakufunzi na ninyi wanakamati wenyewe hupanda na kushuka mlima. Tunaomba somo hili lisomwe kwenye kikao cha kamati na kujadiliwa kwa maswali yaliyo mwishoni.

Barabara yenyewe

Tunazungumzia barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, enzi za Wajerumani, na tangu hapo Mombo umekuwa mlango wa kuingilia milima ya Usambara Magharibi. Mombo uko takribani meta 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto takribani meta 1,400. Kwa hiyo katika safari isiyozidi kilometa 35 gari hupanda, au hushuka, kiasi cha meta 1,000. Barabara ni ya lami lakini ni nyembamba. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni korongo, na kona hufuatana bila kupumzika.

Kwa watu wengi hii si barabara ya safari ya mara moja kwa mwaka. Asubuhi hupita walimu, wanafunzi, wauguzi na akina mama wa sokoni. Mchana kutwa Noah, Costa na bodaboda hupanda na kushuka. Kisha hushuka fuso zilizojaa kabichi, nyanya, viazi na karoti kuelekea Dar es Salaam. Anayepita kila siku huizoea barabara, na mazoea hayo ni hatari ya kwanza.

Tukio lililotufundisha

Masika moja, miaka michache iliyopita, tulikodi Costa kuwashusha wanakamati kutoka Lushoto kwenda semina Mombo. Mwenye gari alitaja bei, nasi tukaipunguza sana. Dereva alituambia waziwazi kuwa kwa bei hiyo itabidi atushushe upesi ili awahi abiria wengine. Tulicheka, tukaona tumeokoa fedha za mradi. Tukaomba, tukaondoka.

Tulipopita Soni, harufu ya kitu kinachoungua iliingia ndani ya gari. Karibu wote tuliisikia. Mmoja wetu alisema labda watu wanachoma mashamba, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Dereva alikuwa ametoa gia na kuliachia gari lishuke lenyewe, huku akikanyaga breki kila kona. Kona chache mbele alikanyaga, pedali ikazama hadi chini. Kwa rehema ya Mungu aliweza kuingiza gia na kulisugua gari kwenye ukingo wa mlima, likasimama mtaroni. Mama mmoja alivunjika mkono, wengine tulipata michubuko. Ng'ambo ya barabara pale ni korongo.

Tulipokaa kufanya tathmini, tulikuwa tayari kumlaumu dereva. Lakini ilibidi tukiri mambo mawili. Bei iliyomfanya akimbie tuliipanga sisi. Na harufu ile tuliisikia sote. Sisi wa ofisi ya miradi ndio tuliokaa mbele karibu naye, na tulinyamaza. Mama yule hakuweza kulima msimu ule. Fedha tulizookoa kwenye nauli hazikutosha gharama za matibabu yake.

Kwa nini breki hushindwa

Wengi husema "breki zimefeli" kana kwamba ni bahati mbaya. Mara nyingi breki hushindwa kwa sababu ya joto, na joto lina chanzo chake.

Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Chukua fuso yenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo. Ikishuka meta 1,000 kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha karibu lita 290 za maji, yaani kama pipa moja na nusu. Joto lote hilo huingia kwenye vyuma vichache vilivyomo ndani ya magurudumu. Pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Mafuta ya breki nayo yakichemka hutoa mapovu, na dereva akikanyaga, pedali huzama bila kushika. Kwa magari makubwa yenye breki za upepo, kukanyaga na kuachia mara kwa mara huweza kumaliza upepo kwenye matangi.

Dawa yake ni injini. Dereva akiingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, injini hulizuia gari, na breki hubaki kwa ajili ya kona na dharura. Kanuni rahisi ni hii: shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda mahali hapo, au nzito zaidi.

Wapo wanaotoa gia au kuzima injini ili kuokoa mafuta. Waendesha bodaboda hufanya hivyo sana. Hasara ni kubwa kuliko faida. Injini ikizimwa, kwenye magari mengi usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Tena, kwa injini nyingi za kisasa, gari linaloshuka likiwa kwenye gia bila kukanyagwa mafuta halitumii mafuta kabisa, hivyo anayetoa gia haokoi chochote.

Hatari nyingine za mlimani

Kona zisizoona mbele. Asiyeona mbele asipite gari jingine. Piga honi kabla ya kona kali na ubaki upande wako. Mahali pembamba ni busara anayeshuka kumpisha anayepanda, kwa sababu gari lenye mzigo likisimama katikati ya mlima hupata shida kuondoka tena.

Mvua na ukungu. Wakati wa masika mawe na udongo huporomoka barabarani. Kwenye ukungu tumia taa za chini, maana taa kali humrudishia dereva mwanga machoni. Ikiwa huoni mbele, subiri mahali salama nje ya barabara.

Mzigo na watu kupita kiasi. Kila kilo inayoongezwa huongeza joto kwenye breki. Bodaboda yenye "mshikaki" haina breki za kuwatosha watu watatu kwenye mteremko.

Uchovu. Dereva aliyeshinda sokoni akipakia mzigo kisha akashuka usiku ana hatari hata kama gari ni jipya.

Wajibu wa kamati

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba hakuambiwa aombe tu kwamba wageni wasianguke. Nasi tunaokodi magari tunapaswa kujenga ukingo wetu. Tangu tukio lile tumekubaliana yafuatayo:

1. Bei isipunguzwe hadi dereva alazimike kukimbia. Muda wa kutosha uwe sehemu ya makubaliano.
2. Kabla ya kuondoka, matairi, breki na mikanda vikaguliwe mbele ya mjumbe wa kamati.
3. Abiria wasizidi idadi ya viti. Anayekosa nafasi asubiri.
4. Safari za semina zifanyike mchana.
5. Kila safari iwe na msimamizi anayeketi mbele, mwenye idhini ya kamati kumwambia dereva apunguze mwendo au asimame. Akisikia harufu ya kuungua, gari lisimame na breki zipoe. Breki za moto zisimwagiwe maji.

Kipengele cha tano kilikuwa kigumu kuliko vyote, maana wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kumsemesha dereva ni kumkosea adabu. Mama aliyevunjika mkono ndiye msimamizi wa kwanza aliyechaguliwa na usharika wake. Humwambia dereva, "Mwanangu, twende taratibu, mimi nina shamba." Mpaka sasa hakuna dereva aliyemkasirikia.

Kwa wahisani wetu

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini kifungu cha usafiri katika bajeti zetu kimepanda. Jibu ndilo hili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama yetu. Tunaomba kifungu hicho kisikatwe. Semina inaweza kuahirishwa, lakini mwanakamati aliyepotea korongoni hatapatikana tena.

Maswali ya kujadili

1. Mara ya mwisho kamati yenu ilipokodi gari, mlizingatia nini zaidi, bei au hali ya gari?
2. Je, umewahi kuogopa ukiwa ndani ya gari na ukanyamaza? Nini kilikuzuia kusema?
3. Ni kona zipi katika eneo lenu zinazojulikana kwa ajali, na serikali ya kijiji imearifiwa?
4. Vijana wetu wa bodaboda wanaweza kufundishwa lini na nani kuhusu kushuka kwa gia?

Tunaomba majibu yenu, pamoja na jina la msimamizi wa safari wa kila usharika, yaambatane na taarifa ya robo mwaka.